Triga ya kiwandani: ibaki au ibadilishwe?

Kabla hujatoa hata shilingi moja kwa ajili ya triga (kifyatulio) mpya ya bastola, pima hiyo uliyo nayo. Wenye bastola za leseni hapa Mwanza, wengi wao wafanyabiashara wa samaki, dhahabu na maduka ya jumla, hulalamika kwamba triga iliyotoka kiwandani ni nzito au inakwaruza. Ukimuuliza mtu ni nzito kilo ngapi, hana jibu. Bila namba hiyo huwezi kujua kama tatizo ni kipuri, uchafu, kutu au kidole chako, na kila tatizo kati ya hayo lina dawa yake.

Kupima hakuhitaji kifaa cha kuagiza. Toa magazini (kasha la risasi), vuta slaidi (kipande cha juu kinachorudi nyuma) mara tatu, tazama chemba (pale risasi inapokaa) kwa macho, kisha ingiza kidole kidogo uhakikishe kuwa ni tupu. Risasi zote ziende chumba kingine. Chukua kidumu cha lita 5, kipime kikiwa kitupu kwenye mizani ya duka uujue uzito wake, halafu kifunge kamba yenye ndoano ya waya laini. Zungushia waya tepi ili usichubue chuma. Shika bastola mdomo ukitazama juu, mahali ambapo hakuna ghorofa wala watu juu yako, na uning'inize ndoano katikati ya triga, pale kidole kinapokaa. Kama triga ina kile kiulimi cha usalama katikati, ndoano ikibane pia. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo anza na lita moja na nusu, inua polepole kidumu kiachane na sakafu kwa sentimita mbili tu, na endelea kuongeza mililita 100 hadi triga iachie. Rudia mara tano, uchukue wastani, ukikumbuka kuongeza uzito wa kidumu. Kwa Glock na bastola za aina yake, lazima uvute slaidi tena kila baada ya kipimo.

Mizani ndogo ya dijitali ya kuning'iniza, kama ile ya kupimia samaki, nayo inafaa endapo inasoma gramu 10 au 20. Ila nyingi husubiri uzito utulie ndipo zionyeshe namba, na triga haikupi muda wa kutulia. Ile ya saa kubwa ya kupimia sangara wa kilo nyingi haifai kabisa, kwani kilo mbili kwake ni kama hakuna kitu.

Sasa linganisha. Glock ya kawaida imetengenezwa kuachia kwenye takribani kilo 2.5, na triga husafiri kama milimita 12 na nusu. Beretta 92 ina mvuto wa aina mbili: wa kwanza, nyundo ikiwa chini, ni takribani kilo 5.4, na unaofuata, nyundo ikiwa imeshainuka, ni karibu nusu ya hapo. CZ 75 inafuata mtindo huohuo. Kwa hiyo mwenye Beretta anayesema triga yake ni nzito anasema kweli kuhusu risasi ya kwanza, na kipuri chake hakina ubovu wowote. Lakini mwenye Glock anayepata kilo 3.4 ana jambo la kutafuta ndani ya bastola kabla ya kutafuta dukani.

Hoja ya wanaotaka triga nyepesi ina msingi, na inafaa kuelezwa kwa haki. Glock 19 ikiwa tupu, bila magazini, ina uzito wa takribani gramu 600. Triga ya kilo 2.5 inaizidi bastola yenyewe mara nne, kwa hiyo nguvu yoyote ya kidole inayokwenda pembeni badala ya kwenda nyuma moja kwa moja inaisogeza silaha. Umbali kati ya alama ya kulengea ya nyuma na ya mbele kwenye bastola hiyo ni milimita 153 hivi. Ukiisogeza alama ya mbele milimita moja tu wakati wa kuvuta, risasi kwenye mita 10 inakosea kwa milimita 65, upana wa vidole vitatu au vinne. Triga nyepesi inapunguza nafasi ya kukosea hivyo. Haiwezi kumponya anayeikandamiza bastola chini kwa kuuogopa mlipuko kabla haujatokea. Huyo atakosea na kilo 2.5, na atakosea vilevile na kilo 1.6.

Kuna njia rahisi ya kujua wewe uko upande gani. Mwenzako akujazie magazini kwenye uwanja wa shabaha, akichanganya risasi mbili bandia, zile zisizo na baruti, kati ya risasi sita, bila kukuambia zimekaa wapi. Bastola ikigonga tupu na mdomo ukainama chini, umeshapata jibu. Kwa anayetumia mkono wa kulia, matundu ya risasi yakijikusanya chini upande wa kushoto, jibu ni hilohilo. Hapo fedha ya triga inunue risasi za kufanyia mazoezi uwanjani.

Nyumbani, fanya mazoezi ya kuvuta bila risasi kwa dakika 10, mara tatu au nne kwa wiki, ukielekeza mdomo kwenye ukuta mnene wa tofali ambao nyuma yake hapaishi mtu. Weka sarafu ya shilingi 50 juu ya slaidi karibu na alama ya mbele. Vuta triga hadi iachie bila sarafu kuanguka. Ukiweza mara 20 mfululizo, triga ya kiwandani imekutosha. Bastola nyingi za kisasa zenye risasi zinazogongwa katikati ya kitako hazidhuriki kwa mazoezi haya, lakini bastola za zamani na zote za risasi ndogo za .22 zinahitaji risasi bandia ndani ya chemba, la sivyo pini ya kufyatulia au ukingo wa chemba utaumia.

Sehemu ninayoiona muhimu kuliko zote kwa watu wa huku ziwani ni usafi. Maji ya Victoria ni baridi, hayana chumvi ya bahari, na hilo huwafanya watu wadhani chuma kiko salama. Chumvi inatoka mwilini. Bastola inayokaa kiunoni siku nzima, chini ya shati, kati ya jua la soko la samaki la Mwaloni na joto la ndani ya gari, inakunywa jasho, na jasho lina chumvi. Usiku inarudishwa ndani ya mkoba wa ngozi na kufungiwa. Ngozi inashika unyevu na ina mabaki ya dawa za kulainishia, hivyo kutu inaanza pale ngozi inapogusa chuma: kando ya slaidi, kwenye pini, kwenye springi ya triga. Silaha ilazwe nje ya mkoba wake, ndani ya kasha la chuma lenye kufuli, pamoja na vile vifuko vidogo vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Wakati wa masika na vuli vibadilishwe mara kwa mara.

Adui wa pili ni mafuta yasiyo sahihi. Oili chafu ya injini ina chembe za chuma na masizi. Mafuta ya kula yanaganda na kunata. Grisi ya beringi inakusanya vumbi hadi inakuwa msasa. Mafuta ya taa yanasafisha vizuri, ila ukiyaacha bila kufuta na kuweka oili nyepesi, chuma kinabaki uchi. Kwenye Glock, kitabu cha mtengenezaji kinataka matone machache tu kwa bastola nzima, na tone muhimu kuliko yote ni lile linalowekwa pale mkia wa ubao wa triga unapogusana na konekta, kile kibati kidogo kilichopinda upande wa nyuma kulia. Tone hilo likikosekana, triga inakwaruza na inaongezeka uzito, na mwenyewe anaanza kuagiza vipuri. Kinyume chake, tundu la pini ya kufyatulia ndani ya slaidi linatakiwa kuwa kavu kabisa. Oili ikiingia humo inachanganyika na vumbi na vipande vya shaba, inapunguza mwendo wa pini, na risasi inagongwa kidogo bila kulipuka.

Kwa hiyo: fungua kama kitabu kinavyoelekeza, piga mswaki, futa, kausha, weka tone mahali pake, funga, kisha pima tena kwa kile kidumu. Si jambo la ajabu triga iliyokuwa ikisoma kilo 3.3 ikarudi 2.6 bila kipuri kipya.

Baada ya hapo, kama bado unataka kubadilisha, ujue unanunua nini. Sokoni kuna aina tatu za mabadiliko. Ya kwanza ni konekta yenye pembe tofauti. Glock wenyewe wana ile yenye alama ya kutoa, waliyoiweka kwenye bastola zao za mashindano kama G34, na inapunguza karibu nusu kilo. Ya pili ni springi. Ya tatu ni seti nzima, triga ya aluminiamu pamoja na kila kinachoifuata, mara nyingi ikiwa na uso bapa.

Matatizo mengi yanaanzia kwenye springi. Springi laini ya pini ya kufyatulia inapunguza uzito wa triga, na papo hapo inapunguza nguvu ya pigo kwenye praima, kile kikombe kidogo kwenye kitako cha risasi kinachowasha baruti. Praima za viwanda mbalimbali hazilingani kwa ugumu, na huku kwetu mtu hanunui aina anayoitaka kila mara, ananunua iliyopo. Bastola iliyofanya kazi vizuri na boksi moja inaweza kugonga tupu na boksi linalofuata. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: kwenye Glock za kizazi cha kwanza hadi cha nne zenye springi ya kawaida ya triga, springi hiyo inasaidia kuvuta, kwa hiyo ikiwa kali zaidi triga inakuwa nyepesi zaidi. Kinachoirudisha triga mbele ni springi ya pini. Mtu akiweka kali upande wa triga na laini upande wa pini kwa wakati mmoja, zinashindana, na triga inaweza isirudi mbele mpaka mwisho. Akivuta mara ya pili, hakuna kinachotokea.

Seti zenye skrubu ndogo ya kuzuia triga isipitilize nazo zina kasoro yake. Mitikisiko ya risasi inailegeza skrubu, inatembea, na siku moja triga inazuiwa kabla ya kuachia. Lazima iwekwe gundi ya nyuzi za skrubu, ile inayoweza kufunguliwa kwa zana za mkono, iachwe ikauke saa 24, na ikaguliwe kila unaposafisha.

Kupiga msasa ndani ndiko kunakonitia hofu zaidi. Vipande vinavyoshikana ndani ya bastola vina ngozi nyembamba ya chuma kilichogumishwa kwa joto au kwa kemikali, na chini yake chuma ni laini. Ukiivua ngozi hiyo kwa tupa au msasa mkali, triga itakuwa tamu kwa risasi mia kadhaa, kisha chuma laini kitaanza kulika. Pembe ya kushikana ikishabadilika, nyundo inaweza kushuka yenyewe slaidi inapojifunga, au bastola ikatoa risasi mbili kwa mvuto mmoja. Silaha ya namna hiyo ni hatari kwa aliyeishika na kwa jirani yake, na mbele ya sheria inaweza kuonekana kitu tofauti kabisa na kile kilichoandikwa kwenye leseni. Mafundi wa Nyakato wana mikono ya dhahabu kwa shafti za boti na vipuri vya mashine, na wataweza kuchonga chochote utakachowaonyesha. Hii si kazi yao. Kumpa bastola mtu asiye na leseni ya kutengeneza silaha ni kosa, hata kama ni rafiki na hata kama ni kwa nusu saa.

Tukiwa kwenye sheria: silaha hapa nchini zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Vipuri vya silaha haviagizwi mtandaoni na kupokelewa posta kama betri ya simu. Uliza kwanza polisi waliokupa leseni, upate kibali kwa maandishi, na kazi ifanywe na fundi wa silaha aliyesajiliwa. Kumbuka pia kwamba siku bastola itakapotumika kwa kujilinda, itachukuliwa na kupimwa. Triga yenye uzito wa kiwandani haileti maswali. Triga ya kilo 1.4 itakutaka ueleze kwa nini uliitaka iwe rahisi kiasi hicho kufyatuka, na maelezo ya kwamba ulitaka kulenga vizuri hayatoshi kila mara.

Dunia nayo imejifunza kwa pande zote mbili. Polisi wa New York kwa miaka mingi walitumia triga zilizoongezwa uzito hadi takribani kilo 5.4 ili kupunguza ufyatuaji wa bahati mbaya, na mwaka 2021 wakaamua askari wapya wapewe nyepesi zaidi, karibu kilo 2.3, kwa sababu uzito ule uliharibu shabaha. Tazama walipofikia: hapohapo kwenye uzito wa kiwandani. Upande mwingine, watengenezaji wa bastola SIG Sauer mwezi Agosti 2017 walitangaza marekebisho ya bure ya bastola ya P320 baada ya kuonekana kwamba ikianguka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka. Sehemu ya marekebisho ilikuwa kuweka triga yenye uzani mdogo, yaani kipande chenyewe, maana kipande kizito kilikuwa kinasukumwa na mshindo wa kuanguka. Ndiyo maana triga ya chuma kizito iliyochongwa na asiyejulikana inaweza kuharibu usalama hata kama mvuto wake haujabadilika hata gramu moja.

Je, kuna anayefaidika? Wapo. Mwenye Beretta 92 anaweza kuweka springi ya nyundo ya modeli ya D, kipuri cha Beretta wenyewe, cha bei ndogo, na mvuto wa kwanza ukapungua vizuri huku bastola ikiendelea kulipua risasi za kawaida. Wenye Beretta na CZ 75 za zamani wabadilishe pia springi ya kurudisha triga, kwa kuwa ni kipuri chembamba kinachojulikana kuvunjika kwa uchovu, na kikivunjika triga inalegea bila kurudi mbele. Mwenye vidole vifupi, ambaye kidole hakifiki katikati ya triga bila kuugeuza mkono, anastahili msaada, ila aanze na kubadilisha mgongo wa mpini kama bastola yake inaruhusu. Milimita mbili tatu za mpini mara nyingi zinamaliza shida yote. Mzee au mama ambaye kidole kimedhoofika naye ana sababu ya kweli. Na mshindani wa shabaha mwenye bastola ya uwanjani tu, afanye apendavyo ndani ya kanuni za mchezo wake.

Kwa bastola ya kubeba isiyo na sefti ya kufungwa kwa kidole gumba, msimamo wangu ni kwamba isishuke chini ya kilo 2. Mkoba ufunike triga yote na uwe mgumu kiasi kwamba ukiubonyeza kwa nje triga haisogei. Ncha ya shati, kamba ya jaketi yenye kishikizo cha plastiki, au mkunjo wa ngozi iliyolegea, vyote vinaweza kuingia ndani ya kinga ya triga wakati wa kurudisha bastola, na kadiri triga inavyokuwa nyepesi ndivyo kitambaa kinavyohitaji nguvu kidogo. Kuchomeka bastola kiunoni bila mkoba na kupanda bodaboda hadi Igoma hakufai na triga yoyote.

Ukishabadilisha kwenye Glock, kagua bastola ikiwa tupu. Vuta slaidi, bonyeza triga pembeni bila kugusa kiulimi cha katikati: isisogee hata kidogo. Vuta triga sawasawa na uishikilie nyuma, vuta slaidi tena, iachie triga polepole mpaka usikie mlio wa kurudi, kisha vuta: iachie mara moja tu. Toa slaidi, vuta mkia wa pini nyuma na uuachie taratibu, halafu usukume mbele: ncha isitokeze. Bonyeza kitufe cha usalama wa pini na utikise slaidi: pini icheze kwa uhuru, uisikie ikigonga. Kipengele kimoja kikishindwa, rudisha vipuri vya kiwandani siku hiyohiyo.

Kisha uwanjani. Risasi 150 hadi 200, zikiwemo angalau 50 za aina unayobeba, bila hata moja kugonga tupu. Ikigonga tupu, itazame praima: kovu hafifu maana yake springi ni laini mno au tundu la pini ni chafu, kovu lililokaa pembeni maana yake slaidi haikujifunga sawasawa. Risasi hazipatikani kirahisi wala kwa bei nafuu, na gharama hii ya majaribio ni sehemu ya bei ya triga mpya ambayo muuzaji hatakutajia.

Vipuri vya zamani usivitupe. Vifunge ndani ya bahasha pamoja na risiti ya fundi, kibali na tarehe ya kubadilisha, na uandike uzito uliopima kabla na baada. Mkaguzi akiuliza, au siku utakapotaka kuuza bastola, bahasha hiyo ndiyo itakayojibu.